Safura: Habari ya Mla Sana Asiyenenepa Katika Kisiwa cha Pemba

Chakula cha Pemba, tangu zamani, ni chakula cha sinia. Wali huwekwa katikati, kitoweo kando yake, na walaji hukaa wakalizunguka sinia, kila mmoja akila upande wake. Kula kwa namna hii kuna adabu zake, na mojawapo ni kutoutazama mkono wa mwenzio. Lakini jicho la mwanadamu ni zito kulifunga. Walaji wa sinia moja hujua, hata wasiposema, nani aliacha mapema na nani alibaki nyuma akikusanya punje za mwisho. Wakiinuka kwenda kunawa huona pia kwamba yule aliyeacha mapema ana shingo nene na tumbo la kutangulia, na yule aliyebaki nyuma ni kimbaombao, kanzu imemning'inia kama iliyotundikwa msumarini.

Hapo ndipo swali huzaliwa. Chakula cha huyu huenda wapi? Wako wanaomwonea wivu kwa kuwa anakula asinenepe, wako wanaomhurumia, na wako wanaonong'ona. Mmoja atasema kuwa ndiyo maumbile ya ukoo wake, wa pili atasema ana minyoo, wa tatu atasema amefanyiwa jambo na wasiomtakia mema. Wote watatu hulitoa jibu upesi, kana kwamba wembamba ni kitu kimoja chenye sababu moja. Historia ya swali hili, ambayo sehemu yake kubwa imetendeka katika mashamba, shule na vijiji vya Pemba yenyewe, yaonyesha kuwa wembamba wa mla sana ni mambo mawili yaliyofanana kwa sura na kutofautiana kwa asili. Na kwamba kuyachanganya mambo hayo mawili kumewagharimu watu afya, heshima, na mara nyingine roho.

Mchanganyiko huo unaonekana kwanza katika neno. Kiswahili kina neno safura, lililotoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni rangi ya manjano. Katika utabibu wa kale, ambao Waarabu waliurithi kwa Wayunani wakaukuza, na ambao Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliupanga katika kitabu chake kikubwa cha Kanuni, mwili wa mtu ulihesabiwa kuwa una maji ya namna nne: damu, belghamu, safura na sauda. Safura ni nyongo ya manjano, nayo ilisemwa kuwa na tabia ya moto na ukavu. Mtu ambaye safura imemtawala alielezwa kuwa ni mwembamba, mwepesi wa mwendo na mwepesi wa hasira, na tumbo lake ni kama jiko lenye moto mkali: kila kinachotiwa huunguzwa upesi, wala hakibaki cha kuwekwa akiba. Mtu wa belghamu, ambayo ni baridi na maji, ni kinyume chake; chakula kidogo humnenepesha kwa kuwa moto wake ni hafifu.

Utabibu huo ulifika pwani ya Afrika ya Mashariki pamoja na dini, biashara na vitabu, na mabaki yake yamo hata leo katika mazungumzo ya watu wanaogawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi. Kwa jibu hilo la kwanza, basi, mla sana asiyenenepa hakuwa mgonjwa. Alikuwa na tabia yake, kama mwingine alivyo na sauti nene au nywele laini.

Lakini neno lile lile safura, katika Kiswahili cha visiwani na mrima, lilichukua maana ya pili ambayo ni ya huzuni. Lilikuwa jina la ugonjwa. Mwenye safura hugeuka rangi, viganja na ndani ya kope vikapauka. Huvimba miguu na uso, hutweta akipanda mlima mdogo, hulemewa na usingizi na uchovu, na aghalabu hushikwa na hamu ya kula vitu visivyo chakula, hasa udongo. Hivyo neno moja likabeba wembamba wa namna mbili: wembamba wa mtu mwenye afya anayesemwa kuwa na moto mwingi, na wembamba wa mtu ambaye moto wake unazimika. Mwenye kulisikia neno bila kumwona mtu asingeweza kujua ni wembamba gani unaotajwa.

Ili kufahamu kwa nini maana ya pili ilipata nguvu Pemba, yafaa kuitazama ardhi yenyewe. Waarabu wa zamani waliita Pemba Kisiwa cha Kijani, na jina hilo ni la haki. Ni kisiwa cha vilima vingi vidogo na mabonde yenye maji, mvua nyingi na udongo laini. Mabondeni hulimwa mpunga, na juu ya vilima, tangu karne ya 19, husimama mikarafuu. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika zaidi. Tangu wakati huo Pemba ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa zaidi ya karafuu za Zanzibar. Mashamba hayo yalipandwa na kupaliliwa kwa mikono ya watumwa mpaka hali ya utumwa ilipoondolewa katika sheria mwaka 1897, wakati wa Sultani Hamoud bin Mohammed, na baada ya hapo kwa mikono ya vibarua, maskwota na wakulima wadogo.

Mtu aliyefanya kazi katika mashamba hayo alikwenda miguu mitupu. Alisimama kutwa nzima katika udongo wenye unyevu, chini ya vivuli vya mikarafuu na migomba, au ndani ya tope la bonde la mpunga. Choo kilikuwa vichakani, karibu na pale alipofanya kazi. Mahali pa namna hiyo, penye joto, unyevu na kivuli, ndipo safura ilipostawi, ingawa kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwamba udongo na miguu vilikuwa na neno lolote katika jambo hilo.

Msafiri David Livingstone, katika shajara zake za mwisho zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake, aliandika habari za safura kwa jina lake hilo la Kiswahili, akaieleza kuwa ni maradhi ya kula udongo yajulikanayo Zanzibar. Alieleza uvimbe wa miguu, kukonda kwa mwili na ufupi wa pumzi, na kwamba mgonjwa huendelea kula udongo mpaka mauti. Maneno yake mawili yana thamani kubwa katika historia hii. La kwanza ni kwamba alikanusha usemi uliosema watumwa hula udongo kwa kusudi la kujiua. Alisema kuwa hiyo ni hamu ya maradhi. La pili ni kwamba alishuhudia kuwa ugonjwa huo haukuwa wa watumwa peke yao: hata matajiri wenye chakula tele walipatwa nao.

Maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja yanatoa ushahidi mzito. Ikiwa msafiri aliona haja ya kukanusha kuwa watumwa wanajiua kwa udongo, ni dhahiri kwamba wako waliosema hivyo. Yaani mgonjwa aligeuzwa kuwa mkosaji. Mwili wake ulipokonda ilihesabiwa kuwa ni ukaidi, pumzi yake ilipokatika ilihesabiwa kuwa ni uvivu. Na ikiwa matajiri nao walikonda mbele ya masinia yaliyojaa, basi njaa haikutosha kuwa sababu. Kulikuwa na kitu kilichosimama kati ya chakula na mwili.

Kitu hicho kilikuwa kimekwisha kuonekana mbali na Zanzibar. Mwaka 1838 tabibu wa Milan aliyeitwa Angelo Dubini alipasua maiti ya mwanamke wa shamba, akakuta ndani ya utumbo wake mnyoo mdogo ambao haukuwa umeandikwa na mtu. Katika miaka ya 1850 Mjerumani Wilhelm Griesinger, akiwa Misri, aliuhusisha mnyoo huo na upungufu mkubwa wa damu uliowapata wakulima wa nchi hiyo. Lakini jinsi ulivyoingia mwilini haikujulikana mpaka karibu na mwisho wa karne. Arthur Looss, mtaalamu wa Kijerumani aliyefanya kazi Kairo, alimwagikiwa mkononi na tone la maji lenye vijinyoo vichanga. Ngozi ikawasha na kuwa nyekundu, na baada ya majuma kadha akakuta mayai ya minyoo katika choo chake mwenyewe. Habari hiyo aliitoa mwaka 1898. Watu waliitafuta safura mdomoni, na kumbe mlango wake ulikuwa ngozi ya mguu.

Safari ya mnyoo huo ni ya kustaajabisha. Mayai hutoka na choo cha mgonjwa, huanguliwa katika udongo wenye unyevu na kivuli, na vijinyoo hungoja. Mtu apitapo miguu mitupu hupenya ngozi yake, huingia katika damu, hupita moyoni na mapafuni, hupanda mpaka kooni, humezwa, na hatimaye hujishikiza katika utumbo mwembamba na kufyonza damu. Iko aina mbili kubwa, na zote mbili zipo Pemba. Mnyoo mmoja wa ile aina kali zaidi humpotezea mtu damu ya kadiri ya mililita 0.15 hadi 0.2 kwa siku; wa aina ya pili kama mililita 0.03. Hesabu hiyo ni ndogo mpaka ikizidishwa. Minyoo 100 ya aina kali huweza kumtoa mtu damu ya vijiko vinne vya chai kila siku, mwezi baada ya mwezi. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuwa karibu zaidi ya nguo.

Ulimwengu ulipoujua mnyoo, lawama ya uvivu haikuondoka mara moja. Mwaka 1902 Charles Stiles alipotangaza kuwa mnyoo wa namna hii umeenea kusini ya Marekani, magazeti ya huko yaliufanyia mzaha kwa kuuita kijidudu cha uvivu. Hata hivyo mzaha huo ulikuwa na faida yake, kwa maana ulikiri kuwa uvivu uliosemwa ni wa mnyoo wala si wa mtu. Katika mashamba ya karafuu hakuna gazeti lililofanya mzaha wala kukiri. Wafanyakazi waliotweta walikwisha kuhukumiwa zamani.

Pemba ilingoja karibu miaka 90 tangu ugunduzi wa Looss kabla ya kuingia katika hesabu kubwa ya minyoo. Mwaka 1986 Wizara ya Afya ya Zanzibar, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Italia, ilianza kazi ya kupambana na kichocho kisiwani, na kazi hiyo ikafungua njia ya kutazama minyoo ya tumbo. Mwaka 2000 ilifunguliwa Chake Chake, katika eneo la Wawi, maabara ya afya ya jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa Kiitalia wa vimelea. Watu wa Wizara, pamoja na wageni kutoka vyuo vikuu vya nje, waliwapima wanafunzi, watoto wachanga na wajawazito kwa wingi ambao sehemu chache za Afrika zilikuwa zimeupata.

Waliyoyakuta katika miaka ya 1990 yalikuwa mazito. Karibu kila mtoto wa shule alikuwa na minyoo ya aina moja au zaidi. Katika wanafunzi 3,595 waliopimwa, zaidi ya sita katika kila kumi walikuwa na upungufu wa damu, na wataalamu walikadiria kwamba katika kila visa 100 vya upungufu ulio mkali, 73 vilitokana na safura. Hapakuwa tena na nafasi ya kudhani kwamba mtoto anayelala darasani ni mtoto asiyetaka kusoma. Dawa zikaanza kugawiwa mashuleni, na tangu mwaka 2001, katika kampeni ya kuondoa matende, wakazi wa Unguja na Pemba walipewa kila mwaka, kwa miaka kadha, dawa ambazo moja yake huua pia minyoo ya tumbo.

Watu wengi wangetazamia kuwa hapa ndipo hadithi inapokwisha: minyoo imeonekana, dawa imetolewa, wembamba umekwisha. Haikuwa hivyo, na hii ndiyo sehemu inayostahili kutuliwa na mwanafunzi wa historia. Katika shule 12 za Pemba watoto waliopewa dawa ya minyoo walilinganishwa kwa mwaka mmoja na wale wasiopewa. Kwa watoto wa chini ya miaka kumi waliopewa dawa mara mbili, uzito ulioongezeka zaidi ya wenzao ulikuwa kama robo ya kilo tu. Damu yao ilinufaika, lakini vimbaombao hawakugeuka wanene.

Kisha, katika kijiji cha Kengeja kusini ya kisiwa, watoto wadogo zaidi walipewa dawa kila baada ya miezi mitatu. Miongoni mwa wale wa chini ya miezi 30 kukonda kulipungua kwa zaidi ya nusu. Lakini ajabu iliyo kubwa zaidi ilikuwa katika hamu ya kula: idadi ya watoto waliokataa chakula ilipungua karibu kwa nusu katika wale waliopewa dawa. Jambo hili linapindua imani ya siku nyingi. Watu wengi huamini kuwa mwenye minyoo hula sana kwa sababu minyoo inakula pamoja naye. Kengeja ilionyesha kuwa minyoo, zaidi ya kumnyang'anya mtoto chakula kilichomo tumboni, humnyang'anya hamu ya kukitia. Mtoto mwenye minyoo mingi aghalabu si yule anayebaki nyuma kwenye sinia. Ni yule anayeinuka kabla ya wenzake, na kwa kuwa halii wala haombi, hakuna amwonaye.

Hata ile habari ya kula udongo, ambayo Livingstone aliiandika, ilichunguzwa Pemba kwa upya. Katika wajawazito 2,368 walioulizwa, kama wanne katika kila kumi walikula katika mimba zao vitu visivyo chakula cha kawaida. Wengi katika hao walikula mchele mbichi. Waliokula udongo walikuwa kama watano katika kila 100. Tabia hiyo ilionekana kuandamana na upungufu wa damu. Kuandamana si kusababisha, na Sera Young, aliyeongoza uchunguzi huo, ameandika kitabu kizima juu ya sababu mbalimbali zinazoweza kuwako. Lakini jambo moja limethibiti: hamu ya udongo si kiburi wala si kutaka kufa, kama Livingstone alivyosema.

Fundisho lililo chungu kuliko yote lilikuja mwaka 2003. Ikiwa watoto wa Pemba wana upungufu wa damu, na damu yahitaji madini ya chuma, ilionekana busara kuwapa chuma wote. Watoto 24,076 wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35 waliingizwa katika jaribio. Sehemu ya jaribio iliyohusu chuma ililazimika kusimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walionekana kufa au kulazwa hospitalini kwa maradhi makali zaidi ya wenzao, kwa kadiri ya asilimia 12. Pemba wakati huo ilikuwa nchi ya malaria kali, na chuma kilichokusudiwa mtoto kiliweza kumsaidia adui wake. Watoto waliokuwa na upungufu halisi wa chuma, waliopimwa na kutibiwa vema, hawakudhurika, bali walinufaika. Habari hiyo, iliyochapishwa mwaka 2006, ilibadili ushauri uliotolewa kwa nchi nyingi zenye malaria. Mwili wa mtu si gunia ambalo hujaa kwa kutiwa. Kabla ya kuuongezea kitu yapasa kujua ni nini kinachoupungukia.

Sasa yabaki yule kimbaombao wa kwanza, ambaye viganja vyake ni vyekundu, pumzi yake ni ndefu, hupanda mkarafuu tangu asubuhi na kushuka jioni akiimba, na sinia huliacha tupu. Hana minyoo, na kama anayo ni michache. Je, wazee wa tabia nne walikuwa na haki juu yake?

Kwa namna fulani walikuwa nayo, ingawa si kwa nyongo. Mwaka 1990 Claude Bouchard wa Quebec alichapisha habari za vijana 24, jozi 12 za mapacha wa kufanana, ambao kwa siku 84 kati ya 100 walilishwa kalori 1,000 zaidi ya mahitaji yao. Chakula cha ziada kilikuwa sawa kwa wote. Mmoja aliongezeka kilo 4.3, mwingine kilo 13.3, lakini pacha alifanana na pacha wake kuliko alivyofanana na watu wengine. Maumbile ya ukoo, basi, si maneno ya kujifariji. Mwaka 2019 wataalamu wa Cambridge pamoja na Sadaf Farooqi walichunguza watu 1,622 wembamba wenye afya, wakaona kwamba wembamba, kama unene, huchukuliwa katika chembe za urithi.

Mwaka 1999 James Levine na wenzake nchini Marekani walionyesha mlango mwingine ambao nguvu hutokea. Watu 16 walilishwa kalori 1,000 za ziada kila siku kwa majuma manane. Waliobaki wembamba hawakuwa wamefanya mazoezi. Walikuwa wakijigeuza, wakisimama, wakitembeatembea na kuchezesha viungo bila kujua, na kwa hivyo vidogo vingi wakaimaliza ziada. Mtu asiyetulia kitini, ambaye bibi yake humkemea kwa kutikisa mguu wakati wa kula, huenda anakiunguza chakula pale pale anapokemewa.

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kusema kuwa kazi ya shamba ndiyo inayowafanya wengine wembamba, na kwamba mpanda mkarafuu hula sana kwa kuwa hutumia sana. Neno hilo lina ukweli, lakini Tanzania yenyewe imelitia mpaka. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza, wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaotembea masafa marefu kila siku. Walipozingatia ukubwa wa miili, waliona kwamba nguvu wanayotumia Wahadza kwa siku haikuzidi ile ya watu wa mijini Ulaya na Marekani wanaokaa vitini. Mwili una uwekevu wake. Ukitumia zaidi upande mmoja, hubana upande mwingine. Wembamba wa Wahadza, basi, haukuelezwa na miguu yao peke yake. Kilichoingia mdomoni kina sehemu yake.

Na hapo swali hurudi kwenye sinia, na kwenye macho ya walaji. Ni nani aliyehesabu? Mwaka 1992 huko New York, Steven Lichtman na wenzake walipima chakula cha watu wanene waliosema kuwa wanakula kidogo sana na bado hawapungui. Ilionekana kwamba walikula karibu mara mbili ya walivyosema, na hawakuwa waongo. Walikuwa wamesahau na kukadiria vibaya. Ikiwa mtu hawezi kuhesabu tonge zake mwenyewe, atawezaje kuhesabu za jirani? Yule mnene aliyeacha sinia mapema hakuonekana alipokula maandazi asubuhi, wala kimbaombao hakuonekana aliposhinda na chai ya rangi. Macho ya sinia huona mlo mmoja, kisha hukata hukumu ya mwaka mzima. Sehemu ya ajabu ya mla sana asiyenenepa ni ajabu ya mashahidi wake.

Basi majirani watatu walionong'ona wana sehemu zao katika historia hii. Aliyetaja ukoo ana haki kwa mwembamba mwenye afya. Aliyetaja minyoo ana haki kwa mwembamba aliyepauka, ijapokuwa alikosea kudhani kwamba minyoo huonekana kwa ulafi. Hata wa tatu, aliyetaja hila za watu, alifahamu jambo ambalo wenye mashamba ya zamani hawakulifahamu: kwamba mwenye kukonda anaweza kuwa anaonewa na kitu kisichoonekana, wala si mwenye kosa. Aliukosea mkono tu, kwa maana mkono huo ulikuwa udongoni.

Kosa lililodumu kuliko yote halikuwa la kutojua mnyoo. Kutojua ni hali ya kila zama. Kosa lilikuwa kuutazama mkono wa mlaji na kuacha kukitazama kiganja chake. Aliyeutazama mkono aliona ulafi, ukaidi au uvivu. Aliyegeuza kiganja na kuvuta kope chini aliona kama damu ipo au haipo, na hapo wembamba wa namna mbili, ambao neno moja uliuunganisha kwa karne nyingi, ukaachana mbele ya macho yake. Mmoja hahitaji dawa wala ushauri, ila kuachwa ale kwa amani. Wa pili anahitaji dawa ya minyoo, viatu, choo kizuri, na chakula chenye chuma kinachotolewa kwa kipimo.

Mtoto wa Kengeja aliyerudishiwa hamu ya kula hakuwa mnene baada ya dawa. Alirudi kwenye sinia. Huenda hata leo, akiwa mtu mzima, bado ni kimbaombao na bado huinuka wa mwisho. Na ikiwa viganja vyake ni vyekundu, hakuna haja tena ya mtu kuuliza chakula chake huenda wapi.